Udi Juu ya Kabati

Pwani yetu inajua kujiandaa kwa mambo yanayorudi. Kaskazi ina majira yake, kusi ina yake. Masika ikikaribia, fundi bati hapatikani. Na mvuvi hahitaji kuambiwa na mtu bamvua inaingia lini. Maarifa hayo yamo mikononi, na mtoto huyapata kwa kutumwa: panda uzibue mfereji wa paa, ingiza kuni, funika pipa. Kimbunga hakimo katika mafunzo hayo. Huja mara moja katika umri wa mtu, pengine kisije kabisa, na kinapokuja wengi wa waliokiona cha mwisho huwa wameshazikwa.

Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi, kikazivunja merikebu za Sayyid Barghash zilizokuwa bandarini. Pemba kwa sehemu kubwa ilinusurika, na hiyo ni moja ya sababu zilizoifanya karafuu ya Zanzibar iwe habari ya Pemba kuliko ya Unguja. Aprili 1952 kingine kilitua Lindi, kikaua watu na kubomoa majumba. Kati ya hivyo viwili ni miaka 80. Aliyezaliwa mwaka mmoja baada ya cha kwanza aliweza kukua, kuoa, kulea na kufa uzeeni bila kukiona cha pili. Angewausia nini wajukuu wake?

Uhaba huu una sababu yake. Kimbunga hulishwa na bahari yenye joto, nyuzijoto 26 au 27 kwenda juu, na joto hilo sisi tunalo. Tunachokosa ni msokoto. Mzunguko wa dunia ndio unaoupinda upepo mpaka ukazunguka jicho, na nguvu hiyo hupungua kadiri mtu anavyoikaribia ikweta, mpaka ikaisha. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, Mtwara karibu 10. Tuko ukingoni. Vimbunga vingi vya upande huu wa Bahari ya Hindi huelekea Madagaska na Msumbiji, nasi husikia habari zake redioni. Machi 2019 Idai iliua watu zaidi ya 1,000 Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Tarehe 25 Aprili mwaka huo huo Kenneth ilitua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, Mtwara ikiwa imeshika roho. Aprili 2021 ikatajwa Jobo, ambayo safari hii ilikuwa inakuja kwetu moja kwa moja. Ikafifia kabla haijafanya lolote la kusimuliwa.

Kwa hiyo Mei 2024 ilipoingia na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikaanza kutoa taarifa za kimbunga Hidaya, mtaani kwetu Kigamboni watu waligawanyika. Wapo waliosema hii ni Jobo nyingine. Wapo waliokwenda dukani kimya kimya wakarudi na mishumaa. Ijumaa tarehe 3 boti za Dar es Salaam na Unguja ziliposimamisha safari, ubishi ukapungua, maana mfanyabiashara haachi nauli ya siku nzima kwa ajili ya uvumi.

Ijumaa hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia, zaidi ya dhoruba yenyewe. Nimeifikiria mara nyingi tangu wakati ule, kwa kuwa kuiandaa nyumba ni kupita chumba kwa chumba ukikishika kila kitu na kukiamulia mahali pake. Kwa kawaida hatufanyi hivyo. Tunaishi na vitu bila kuvipanga kwa thamani, na ni vizuri iwe hivyo; nyumba ambayo kila kitu kimepewa cheo si nyumba ya kukaa watu. Lakini siku ya hatari hupanga hata asiyependa kupanga.

Mambo ya kawaida hayakutuchukua muda. Maji yalijazwa kwenye madumu na ndoo, kwa kuwa umeme ukikatika pampu nayo inasimama. Unga, mchele, maharage na dagaa vilikuwepo. Tukanunua umeme wa luku, tukachaji simu na pawa benki, tukaitafuta tochi. Mtungi wa gesi ukafungwa vizuri, mkaa ukaingizwa ndani. Dawa za presha za mama mkwe wangu, anayeishi nasi, zikahesabiwa zikaonekana zinatosha.

Paa lilitaka akili zaidi. Watu wengi hudhani upepo huling'oa bati kwa kulisukuma. Ukweli ni kwamba upepo unaopita kwa kasi juu ya paa hulinyonya kwenda juu, na ule unaoingia kwa dirisha au mlango ulioachwa wazi hulisukuma kutoka chini. Bati likishikwa pande zote mbili, misumari hutoka kwenye mbao. Ndiyo maana kufunga madirisha ya upande wa upepo kuna faida kuliko kupandisha mawe juu ya bati, kama nilivyoona nyumba mbili tatu wakifanya. Jiwe lililo juu ya paa linaloinuka linatafuta kichwa cha kuangukia. Vilevile upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne, na anayeijua hesabu hiyo hatatazama tena kopo la maua lililo juu ya ukuta kwa macho ya jana. Mke wangu ana maua mengi, kwenye makopo ya rangi na ndoo zilizopasuka, ameyapanga ukutani kuuzunguka ua wote. Tuliyashusha moja moja tukayasogeza kwenye kona kati ya jiko la nje na choo, yakiegemeana. Hakuniruhusu niyabebe mawili kwa pamoja.

Kisha nikauendea udi.

Sipigi udi kwa kazi, wala sijawahi kulipwa hata shilingi kwa kuupiga. Ninaupiga jioni nikitoka kibaruani, nyimbo za taarabu nilizojifunza kwa kusikiliza na kurudia. Baadhi ya jamaa zangu huona ni mchezo wa mtu mzima asiye na la kufanya. Mimi naona taarabu yenyewe isingekuwepo bila watu wa namna hiyo. Chama cha Ikhwani Safaa cha Unguja kilianza mwaka 1905, na vyama vya aina yake vimebebwa miaka yote na watu ambao mchana walikuwa makarani, walimu, wafanyabiashara na mafundi, na usiku wakikutana kupiga kwa kupenda. Kinachoitwa cha kupotezea wakati, mara nyingi ndicho kilichotuwekea wakati wetu usipotee.

Udi ni chombo kidhaifu kuliko unavyoonekana. Tumbo lake ni vibanzi vyembamba vya mbao vilivyopindwa kwa joto na kuunganishwa kimoja kimoja. Uso wake ni ubao wenye unene wa milimita 2 hivi. Nyuzi zake kwa kawaida ni 11, jozi tano na mmoja wa besi peke yake, na zote zimefungwa kwenye kipande cha mti kilichobandikwa juu ya uso kwa gundi tupu, bila msumari hata mmoja. Gundi ya jadi hupikwa kwa ngozi na mifupa, nayo hulainika kwa joto na unyevu. Hewa ikilowa, mbao huvimba. Ikikauka kwa ghafla, husinyaa zikapasuka. Mpiga udi wa pwani huishi na jambo hilo kila siku. Anajua asubuhi ya masika nyuzi zitakuwa zimetoka kwenye sauti kabla hajazigusa, na mkono wake huijua mvua ya kesho kabla ya mbingu kusema neno.

Nilizilegeza nyuzi, sauti moja na nusu hivi chini ya kawaida, mvuto upungue lakini usiishe. Nikaufuta udi wote kwa kitambaa kikavu, hasa pale shingo inapoungana na tumbo, nikauacha kitandani upumue. Anayeufunga ungali na unyevu wa mikono na pumzi ndani ya nailoni, ameufungia adui ndani. Kitambaa cha pamba kwanza, kasha baadaye, nailoni mwisho. Halafu ikaja habari ya mahali. Juu, maji yakiingia yasiufikie. Lakini si juu kabisa chini ya bati, maana paa likivuja hapo ndipo pa kwanza. Ndani, tena mbali na ukuta wa nje, kwa kuwa tofali za saruji hunywa mvua inayopigwa na upepo na kuanza kutoa jasho upande wa pili baada ya saa nyingi, watu wanapodhani mambo yamekwisha. Sehemu moja tu ya nyumba yetu ilitimiza masharti yote hayo: juu ya kabati la nguo, lililosimama kwenye ukuta wa katikati.

Mke wangu alikuwa mlangoni akiniangalia. Akasema, "Baba watoto, udi umepata mahali pake. Vyeti je?"

Vyeti vilikuwa kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, kama vilivyo katika nyumba nyingi: vya kuzaliwa, vya shule, hati ya kiwanja, kadi za kliniki za watoto, kadi ya bima. Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka kulisema katika tafakari hii. Karatasi nayo ni mti. Huvimba, huota koga, wino hutambaa. Yote niliyoyajua juu ya udi yalikuwa maarifa ya vyeti, ila hakuna aliyewahi kunifundisha kuviangalia vyeti kwa jicho lile, kwa sababu vyeti hatuvipendi, tunavihitaji tu. Kitu tunachokihitaji tunakifungia. Kitu tunachokipenda tunakijua: kinaumwa nini, kinapenda nini, kinaogopa nini. Tukavitoa vyeti, tukavianika kidogo chumbani, tukavifunga kwa kanga kuukuu kisha nailoni, vikapanda juu ya kabati kando ya udi. Dawa za mama zikafuata, na redio ndogo ya betri, na picha za harusi ya wazazi wangu.

Ninasema haya kwa uzito kwa sababu mara nyingi nimesikia watu wakihukumiwa kwa yale waliyoyabeba siku ya hatari. Fulani nyumba inajaa maji, yeye anahangaika na njiwa. Fulani kaacha sufuria, kabeba gitaa. Nadhani hukumu hiyo haiwatendei haki. Kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu anafuga njiwa, na Ijumaa ile alikuwa wa kwanza mtaani kujua upepo utapiga upande gani, maana tundu lake lina mlango upande mmoja na alikuwa amefuatilia taarifa zote ili ajue pa kuligeuzia. Aliwaingiza njiwa mapema kabla ya jua kuzama, kwa sababu njiwa aliyeshikwa na upepo angani anaweza asirudi; akazungushia turubai upande wa bahari, akaacha mwanya upande wa pili wapate hewa. Majirani walipotaka kujua wafunge madirisha yapi kwanza, walimuuliza yeye. Hakuna aliyekuwa na elimu hiyo pale mtaani ila yeye na njiwa wake.

Mama mkwe wangu husuka ukili. Mikono yake haijawahi kukaa bure tangu nimfahamu; akiongea anasuka, akisikiliza redio anasuka, na mikeka yake mingi huishia kwa ndugu wanaooa na kuolewa. Ana kapu la miyaa iliyochanwa na kutiwa rangi, nyekundu, zambarau na kijani, na mizingo ya ukili uliokwisha kusukwa. Nilipokuwa ninashuka kwenye kiti niliona amelileta kapu hadi mlangoni. Hakusema kitu.

"Mama, nalo lipande?" nikamuuliza.

"Miyaa ikinywa maji inafanya koga, mwanangu," akasema. "Ikishafanya koga hata ukiianika haifai, inakatika mkononi. Lakini kama nafasi ni ndogo, basi."

Nafasi haikuwa kubwa. Tukaliondoa mezani sanduku la nguo za sherehe, tukalishusha kapu ndani ya pipa tupu lenye mfuniko, pipa tukalipandisha juu ya meza hiyo. Yeye mwenyewe aliweka juu ya miyaa kanga moja kavu kabla ya mfuniko, sawasawa na nilivyofanya kwa udi, na hakuwa ameniona nikiufunga. Alikuwa anajua tangu zamani.

Alasiri nilishuka ufukweni. Wavuvi walikuwa wakizipandisha ngalawa mbali zaidi ya mstari wa takataka ulioachwa na bamvua ya mwisho. Matanga yamevuliwa na kukunjwa, nanga na nyavu zimebebwa majumbani. Mzee mmoja aliyesimama pembeni akihesabu kwa vidole alisema, afadhali maji ni mafu. Alisema kweli. Mwezi ulikuwa bado siku tano sita uandame. Kwenye pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu hupungua sana. Na kimbunga huinua bahari kwa njia mbili: uzito wa hewa ukipungua maji hupanda, kiasi cha sentimita 1 kwa kila hektopaskali 1 inayoshuka, na upepo huyasukuma maji yale kuelekea nchi kavu. Dhoruba ile ile ikija maji yamejaa ya bamvua, hukuta bahari imeshaifanyia nusu ya kazi. Mzee hakuhitaji hektopaskali. Alijua tu kwamba kama ni lazima ije, ije wiki hii.

Jumamosi tarehe 4 Mei Hidaya ilifika Mafia, na kufikia usiku wa siku hiyo ilikuwa imevunjika nguvu. Kwetu Kigamboni tulipata upepo na mvua ya kutwa, umeme ukakatika, tawi la mwembe likaangukia ukuta mahali yalipokuwa yamepangwa maua. Maji yaliingia ukumbini kiasi cha kufagia. Ukuta wa nje wa chumba chetu ulitoa jasho Jumapili, kama ulivyotarajiwa. Udi niliutoa kitambaani baada ya hewa kutulia, nikauacha siku kadhaa chumbani bila kuuweka juani, ndipo nikazipandisha nyuzi kidogo kidogo. Vyeti vilikauka kwa namna hiyo hiyo.

Watu wakaanza kusema tulijisumbua bure. Maneno hayo yaliniuma, na bado yananiuma, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hayana ukweli: upepo ulioitwa si kitu Dar es Salaam ulikuwa kitu Mafia na Kilwa. Ardhi ya kusini ilikuwa tayari imeshiba maji ya masika kali ya mwaka ule, Rufiji ilikuwa imeshafurika Aprili, na mvua ya Hidaya ikaikata barabara ya kwenda Lindi maeneo ya Somanga, ikabeba makalavati na tuta lake. Magari yalipanga foleni pande zote mbili. Ya pili ni kwamba kila tunaposema bure tunaufuta mstari mmoja wa maarifa ambao ungemfaa mtu wa kizazi kijacho. Wiki chache tu baadaye, Mei hiyo hiyo, kimbunga Ialy kilisogea karibu na pwani ya Kenya. Kama bahari inaendelea kupata joto, hatutakuwa tena na anasa ya kusahau kwa miaka 80. Tunahitaji kazi ya Ijumaa ile iingie mikononi, mtoto atumwe: legeza nyuzi, shusha makopo, geuza tundu la njiwa.

Simu kutoka Kilwa ilichelewa. Mama mkwe ana mdogo wake kule, mke wangu humwita mama mdogo, na mtandao uliporudi tulisikia kwamba wote wazima, ila bati za upande mmoja wa nyumba zimekwenda na ukuta wa jiko umelala. Tukaandika vitu vya kutuma: bati, misumari ya bati, turubai, dawa za kutibu maji, sukari, sabuni. Mama mkwe alichukua simu, wakaongea kwa muda mrefu. Alipomaliza akasema mdogo wake ameomba na rangi za kutia miyaa, zile za unga zinazouzwa Kariakoo, zake zimelowa zote na miyaa kule haikosekani.

Mwanangu wa kiume, aliyekuwa akiandika orodha, akauliza kama rangi haziwezi kusubiri mzigo wa pili.

"Andika, mjukuu wangu," bibi yake akasema. "Atalala chini ya turubai mwezi mzima yule. Unataka afanye nini na mikono yake?"

Tulizinunua kesho yake. Mama alizifunga mwenyewe, kila rangi kwenye kitambaa chake, kisha nailoni, kisha kopo la maziwa lenye mfuniko, na kopo akalipeleka katikati ya sukari, mbali na ubavu wa boksi. Lori lilisubiri Somanga mpaka njia ilipopitika. Bati mbili zilifika zimekunjwa. Rangi zilifika kavu.